Jinsi ya kuacha kukuza kitu kidogo kisa hujui kitaishaje

Bosi anakutumia meseji saa moja jioni, "kesho asubuhi pitia ofisini kwangu", basi, hakuna salamu wala sababu. Usiku wako umeishia hapo. Unaisoma mara ya kumi, unashangaa mbona leo kaweka nukta mwishoni wakati siku zote haweki, alafu kichwa kinaanza safari yake, labda ile ripoti, labda kuna mtu kanisema, nikifukuzwa kodi ntalipa na nini, watoto je. Saa nane usiku uko macho unahesabu akiba. Mimi imenikuta kabisa, nimefika asubuhi tumbo joto, naulizwa, "hivi ufunguo wa stoo unao wewe?"

Ile meseji ilikua na pengo tu, na pengo nililijaza mwenyewe, na nililijaza na mabaya matupu.

Na sio kwamba wewe ni mwoga kuliko wengine. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 gemu ya kompyuta, unafunua mawe, ukikuta nyoka chini ya jiwe unapigwa shoti mkononi, inauma ila haidhuru. Walikua wanawapima jasho na mboni za macho, na stresi ilipanda juu kabisa pale ambapo nyoka kuwepo au kutokuwepo ni nusu kwa nusu. Mtu aliyejua kwa uhakika shoti inakuja alikua ametulia kuliko yule asiyejua. Fikiria hilo kidogo, ubaya unaoujua unabebeka kuliko ule wa "labda".

Alafu mwili unaongeza chumvi. Ubongo ukihisi hatari unauamuru mwili umwage homoni ya adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inakua fupi, na wewe unaugeuza huo moyo kuwa ushahidi, "mbona roho iko juu hivi, lazima kuna kitu". Hamna kitu, ni wasiwasi unajithibitisha wenyewe. Na kama zamani uliwahi kuumizwa kweli ndo zaidi, waliosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka hawakukosea.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, sio kichwani, karatasi, gawa katikati kwa mstari. Upande mmoja andika unachokijua, upande wa pili unachokikisia. Mimi usiku ule kama ningefanya hivyo upande wa kwanza ungekua na mstari mmoja tu, "bosi anataka kuniona asubuhi", na ule wa pili umejaa mpaka chini. Ukiona kwa macho yako jinsi ule wa kwanza ulivyo mfupi presha inaanza kushuka yenyewe.

Baada ya hapo chukua kile kisio kinachokutisha zaidi ukimalizie. Wasiwasi una tabia ya kuishia kwenye swali, "itakuaje nikifukuzwa?", alafu unarudi mwanzo unazunguka tena usiku kucha. Usiuache hapo, jibu. Nikifukuzwa siku ya kwanza namwambia nani, wiki ya kwanza naomba kazi wapi, kipi naacha kulipia kwanza. Jibu halitakua tamu lakini lina mwisho.

Kama kuna wa kumuuliza, muulize, mara moja tu. "Sawa bosi, kuna kitu nijiandae nacho?" inatosha. Hapa niwe mkali kidogo, kuuliza mara moja ni tofauti na kuwapigia watu watano wakwambie usijali, au kukesha mtandaoni unatafuta maana ya kipele. Ile nafuu inadumu dakika chache alafu unataka nyingine, na kila ukiitafuta unajifundisha kwamba huwezi kukaa bila jibu, wakati unaweza.

Kwa yale ambayo hayana jibu leo, yape saa yake. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani anaitwa Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983 walijaribu hii, unatenga nusu saa kila siku, muda ule ule, sehemu ile ile, ndo ya kuwaza hofu zako, zikija saa nyingine unaziambia subirini. Inasikika kama mchezo ila inasaidia, kwa sababu hujajikataza kuwaza, umeahirisha tu. Usiiweke karibu na kulala.

Kitu kingine kinachofanyika kidogo sana ni kurudi kukagua. Andika leo unachodhani kitatokea, na tarehe, alafu siku ikifika rudi uangalie. Chuo kikuu cha Penn State waliwapa kazi hiyo watu 29 wenye tatizo la wasiwasi uliopitiliza, majibu yakatoka 2020, kwa wastani hofu 91.4 kati ya kila 100 hazikutokea. Lakini namba ya watu wengine haitakutuliza saa nane usiku, ya kwako mwenyewe ndo itakutuliza, kwa hiyo weka daftari.

Ila kama wasiwasi unakuandama karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, hulali, kazi haziendi, nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia, una tiba.

Na usichanganye haya yote na kukimbia. Ile bahasha uliyoificha droo wiki ya tatu sasa, ile salio hutaki kuangalia, uvimbe hutaki kupima, hapo karatasi na nusu saa havitoshi. Kila siku unayoikwepa bahasha unakua umejipa ruhusa ya kuijaza na jambo baya zaidi, na kama kweli kuna tatizo ndani basi linakua huku wewe umefumba macho. Ifungue mchana, umekula, umekaa, ikiwezekana na mtu unayemwamini pembeni, asome yeye kwanza kama mikono inatetemeka. Alafu chukua kalamu, mstari wa kwanza, upande wa unachokijua.