Kuchagua zirotani kwa uwanja mkubwa usio sawa: anzia shambani, si dukani

Nakata nyasi za shule moja viungani mwa Eldoret, ekari tisa, na mvua ikishika mwezi wa tano kazi ni ya kila wiki. Zirotani ya kwanza tuliyonunua ilikuwa ya kupendeza: rangi inang'aa, kiti kina mahali pa kuwekea chupa ya maji, injini ya nguvu farasi 24. Ilidumu miezi 14. Injini yenyewe haikuwahi kunisumbua. Kilichokufa ni kila kitu kilicho chini ya kiti: deki, yaani gamba la chuma linalofunika visu, ilipasuka pembeni, beringi za visu zikaisha, mwishowe giaboksi zikagoma kupanda mlima wa nyuma ya bweni. Muuzaji alinisifia injini na kasi, nami nikaridhika na hayo mawili. Tangu hapo nimenunua mashine mbili na kuwasindikiza watu kadhaa kwenda kununua zao, na utaratibu wangu ndio huu.

Kwa asiyeijua: zirotani ni mowa, yaani mashine ya kukata nyasi, ya kuketi isiyo na usukani. Kila gurudumu la nyuma lina giaboksi yake ya haidroliki, na una mikono miwili mbele yako. Sukuma yote, inaenda mbele. Vuta mmoja na kusukuma mwingine, inageuka pale pale ilipo. Magurudumu ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu kama ya troli la supamaketi. Mashine za namna hii zilianza kuuzwa Kansas, Marekani, miaka ya 1960, na Kansas ni tambarare kama meza. Ukilikumbuka hilo utaelewa kwa nini mashambani kwetu zinavunjika.

Hatua ya 1: Tembea uwanja wote kwa miguu

Kwanza nyasi zifyekwe, maana ardhi iliyofichwa inadanganya. Kisha beba vigingi, kamba, ubao ulionyooka wa mita moja, pima maji na futi. Nenda mistari kama unayepanda mahindi. Kila penye jiwe, kisiki, mzizi uliojitokeza, kichuguu au shimo, piga kigingi. Kwetu adui mkubwa ni fuko. Anarundika udongo usiku, mvua inaushindilia, nyasi zinaufunika, na wiki mbili baadaye kisu kinakutana na kilima kigumu kama tofali.

Ukimaliza, simama uhesabu vigingi. Vilima vya fuko na vichuguu vinaweza kusawazishwa kwa jembe na toroli siku mbili tatu. Mashimo yanajazwa. Jiwe linang'olewa, au linazungushiwa maua likawa pambo. Kibarua wa siku tatu ni nafuu kuliko kubadilisha mhimili mmoja wa kisu, kwa hiyo usinunue chuma cha kupambana na kitu ambacho jembe lingekiondoa.

Sasa pima miteremko. Laza ubao kwenye mteremko, inua ncha ya chini mpaka pima maji iseme sawa, halafu pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 18 kwa ubao wa mita moja ni karibu nyuzi 10. Sentimita 27 ni nyuzi 15. Vitabu vingi vya watengenezaji vinaweka kikomo cha nyuzi 15 na vingine vinakomea 10, tena nyasi zikiwa kavu. Penye zaidi ya hapo chora mpaka kwenye ramani yako: hapo zirotani haipiti.

Pima na upana wa lango. Deki ya inchi 54 na bomba lake la kutemea nyasi hukaribia inchi 66. Namjua jamaa aliyebomoa ukuta.

Hatua ya 2: Jiulize kama unahitaji zirotani kweli

Nyasi zako zikifika magotini kwa sababu unakata mara mbili kwa mwaka, tafuta trekta na slasha yake. Kama sehemu kubwa ni miteremko, tafuta mashine ya kutembea nayo au mowa iliyotengenezewa milima. Na kama ni malisho tu, kondoo hawahitaji filta.

Zirotani inalipa penye vitu vya kuzunguka, kama miti, milingoti ya goli, mabenchi na vitanda vya maua, na penye ukataji wa mara kwa mara. Mashine ya kazi ngumu bei yake inakaribia ya gari dogo la mtumba, kwa hiyo swali hili liulize kwa uaminifu.

Hatua ya 3: Chagua upana wa deki kwa hesabu, si kwa tamaa

Chukua upana kwa mita, zidisha kwa kasi kwa saa, kisha toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuka na kupitia juu ya mstari uliokwisha kukatwa. Kosa liko kwenye kasi. Karatasi ya matangazo itasema kilomita 16 kwa saa. Kwenye ardhi yenye mabonde utaenda kilomita 5, na ukijilazimisha zaidi utarushwa kitini.

Kwa kasi hiyo, deki ya inchi 48, yaani mita 1.22, inakata karibu mita za mraba 4,900 kwa saa, sawa na ekari moja na pwinti mbili. Ya inchi 54 ni kama ekari moja na theluthi. Ya inchi 72 inakaribia ekari moja na pwinti nane. Kwa ekari zangu tisa, tofauti ya 48 na 54 haifiki saa moja.

Deki pana ikipita juu ya kigongo, magurudumu yanabaki bondeni kila upande na kisu cha katikati kinanyoa kigongo mpaka udongo uonekane. Deki nyembamba inafuata ardhi vizuri zaidi. Ushauri wangu kwa ardhi mbaya: inchi 48 hadi 54, vigurudumu vya kuzuia kunyoa viwe vingi, na kimoja kiwe katikati mbele. Inchi 60 na 72 waachie wenye viwanja vilivyosawazishwa.

Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu, zinasuka godoro nene juu ya ardhi. Mashine inaelea juu ya godoro, kisu kinazama, na ukikata chini sana unabaki na vijiti vya kahawia kwa wiki tatu. Hakikisha deki inapanda hadi inchi 4 au zaidi, na ibadilike kirahisi ukiwa umeketi, kwa sababu utaibadilisha kila mara.

Hatua ya 4: Nenda dukani na sumaku, rula na tochi

Piga magoti. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.

Deki ziko za aina mbili. Ya kwanza ni bati moja lililokandamizwa likapata umbo, na pembe zake ni za mviringo bila alama ya kuchomelea. Ya pili imeundwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa. Kwa ardhi ya mawe chukua ya pili. Unene hutajwa kwa geji, na namba inakwenda kinyume: geji 13 ni kama milimita 2.3, geji 10 ni 3.4, geji 7 ni 4.5. Mimi sishuki chini ya unene wa geji 10, na mdomo wa mbele na pembeni natafuta bati la pili lililoongezwa.

Kisha mulika mihimili inayozungusha visu. Gusisha sumaku kwenye nyumba ya beringi. Ikinata, ni chuma cha kusubu. Isiponata, ni alumini. Alumini si mbaya kwenye bustani ya nyumbani, lakini kisu kikigonga mzizi, pigo lote linapanda huko. Angalia kama kuna mahali pa kupigia grisi, na kama mkono wa bomba la grisi unafika bila kufungua vifuniko vitatu.

Hatua ya 5: Giaboksi, hapa ndipo pesa ilipo

Ungeniruhusu swali moja tu kwa muuzaji, ningeuliza hili: oili ya giaboksi inabadilishwa vipi?

Akijibu kuwa haibadilishwi, imefungwa kiwandani, umeshajua mengi. Giaboksi nyepesi za mashine za nyumbani hazina filta, na nyingi hazina hata mahali rahisi pa kumwagia oili. Kwenye uwanja tambarare wa nusu ekari zinaweza kuzeeka kwa heshima. Kwenye mlima zinapata joto, oili inakuwa nyepesi kama maji, msukumo unapungua. Dalili ya kwanza ni mashine inayopanda vizuri asubuhi na kukataa mlima uleule saa sita mchana. Ya kwangu ilianza hivyo mwezi wa tisa, nami nikalaumu nyasi.

Unachotaka ni giaboksi yenye filta inayofunguliwa kwa nje, tangi la oili linaloonekana, na feni ya kupoza juu yake. Mashine kubwa zaidi zinatenganisha pampu na mota ya gurudumu: ni ghali, lakini zinapoa vizuri na kila kimoja kinatengenezwa peke yake. Uliza pia oili ya kwanza inabadilishwa lini. Nyingi zinataka ndani ya saa 75 hadi 100 za mwanzo, maana ndipo vumbi la chuma kipya linapotoka. Wengi hawajui, na wanaendesha na oili ya kiwandani hadi kaburini.

Chunguza pia mfano wa giaboksi yenyewe, sio jina la mowa. Kampuni mbili zenye rangi tofauti zinaweza kutumia giaboksi ileile, na kampuni moja inaweza kuuza mashine tatu zinazofanana kwa macho zenye giaboksi tatu tofauti. Namba imeandikwa kwenye kibandiko. Ipige picha, nenda nyumbani usome.

Hatua ya 6: Injini, na urefu kutoka usawa wa bahari

Watu wa Mombasa na Dar wanaweza kuruka sehemu hii. Injini ya kawaida ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Eldoret iko karibu mita 2,100. Kwa hiyo farasi 24 za kibandiko, ambazo nazo zilipimwa kwa masharti ya maabara, zikifika kwangu ni 18 au 19. Godoro la kikuyu lililolowa halijali kibandiko.

Kwa hiyo nyanda za juu ongeza: deki ya inchi 54 iende na injini isiyopungua farasi 25. Kama ni ya kabureta, uliza jeti (kitundu kinachopitisha petroli) ya mahali pa juu, la sivyo itakunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Injini zenye sindano ya petroli inayoongozwa kwa kompyuta zinajirekebisha zenyewe, ila zikiharibika zinataka fundi mwenye kifaa cha kusomea makosa. Mimi nilichagua kabureta kwa sababu fundi wangu ana bisibisi.

Hatua ya 7: Kiti, magurudumu na upinde wa kinga

Kiti chenye springi nilidhani ni anasa. Kumbe mwili ukirushwa, mikono nayo inarushwa, na mikono ndiyo inayoendesha. Mashine inayumba kwa sababu wewe unayumba. Ketia, jirushe, uone.

Magurudumu ya mbele yasiyo na upepo yanaokoa pancha za miiba ya mgunga, lakini yanatingisha zaidi. Ya nyuma yawe mapana, na umwagie dawa ya kuziba matundu siku ya kwanza.

Upinde wa kinga nyuma ya kiti, wa kukulinda mashine ikipinduka, hauna mjadala kwenye ardhi isiyo sawa. Ukiwa umesimamishwa, funga mkanda. Ukiwa umelazwa ili upite chini ya matawi, usifunge. Mashine ikianza kuteleza kwenye mteremko, kumbuka magurudumu ya mbele hayakusaidii kitu, na nyuma yakikosa mshiko huna usukani wala breki.

Hatua ya 8: Spea kwanza, jaribio halafu

Kabla ya kulipa, agiza vitu vitatu palepale kaunta: seti ya visu, mkanda wa deki, filta ya giaboksi. Wakisema "tutaagiza", uliza wiki ngapi, kisha fikiria nyasi za mwezi wa tano.

Halafu omba jaribio kwenye uwanja wako mwenyewe, saa nzima, na mlima uwe wa mwisho mashine ikiwa moto. Muuzaji akikataa kabisa, mimi huondoka.

Kwa mtumba, usiiamini saa ya kuhesabu muda, inabadilishwa. Tazama kikanyagio cha miguu kilivyolika. Zima injini, vua waya wa plagi, shika ncha ya kisu uitikise juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Fanya vivyo hivyo kwa magurudumu ya mbele. Pitisha tochi kwenye maungio yote ya deki, tafuta rangi mpya juu ya mchomeleo wa zamani.

Ikishafika nyumbani, jaza upepo sawasawa kushoto na kulia kabla ya kupima deki, kwa sababu tairi moja likilegea deki yote inainama. Mbele ya deki iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Wiki mbili za kwanza kata kwa inchi 4, polepole, na vigingi viwili mfukoni. Kila utakaposikia kisu kimegonga kitu, simama, zima, piga kigingi hapo, na jioni urudi na jembe.