Gari la zamani linapiga stata lakini haliwaki: anzia wapi

Stata ikizungusha injini, achana nayo. Injini ya petroli inadai vitu vitatu: cheche kwa wakati wake, petroli, na mgandamizo, au kompresheni kama tunavyosema gereji. Usinunue spea kabla hujajua kipi kimekosekana. Mimi niliwahi kufunga pampu mpya ya petroli, kumbe rota (kidole kinachozunguka) ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, ina ufa.

Hapa nazungumzia gari la petroli lenye distributa na pointi, yaani vile vigusio vidogo ndani yake vinavyokata na kuunga umeme wa koili.

Hatua ya 1: Sikiliza. Injini yenye afya huzunguka kwa mapigo: inakaza, inalegea, inakaza. Ikizunguka kwa wepesi na mlio mmoja laini, acha stata hapohapo. Huenda mkanda wa taimingi, unaozungusha valvu kwa wakati sawa na pistoni, umekatika, na kwenye baadhi ya injini valvu zitagongana na pistoni. Ikizunguka kivivu, pima betri: ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, na stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri iliyochoka huweza kuzungusha stata huku koili, inayopandisha volti za betri kuwa cheche, ikikosa umeme.

Hatua ya 2: Tafuta cheche. Tulia hapa, maana magari mengi ya umri huu hukwamia hapa. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba, kisha ufunge mwili wa plagi hiyo kwenye chuma tupu cha injini kwa waya wa jampa, mbali na petroli. Usiishike; ni maelfu ya volti. Mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya njano, nyembamba, haitoshi.

Hakuna kitu? Hamishia jaribio kwenye waya wa kati unaotoka kwenye koili. Cheche ikionekana hapo, mkosaji ni kifuniko cha distributa au rota: tafuta unyevu, au mstari mweusi mwembamba kama unywele. Isipoonekana, washa swichi upime upande chanya wa koili. Ukisoma sifuri, fuata fyuzi na swichi. Umeme ukiwepo, fungua kifuniko uangalie pointi: zisafishe kwa msasa laini, uweke nafasi ya kama milimita 0.4, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli. Kifuniko kikiwa wazi, piga stata tena. Rota isipozunguka, rudi kwenye mkanda wa taimingi wa Hatua ya 1.

Hatua ya 3: Petroli. Usiiamini geji. Injini ikiwa imezimwa, toa filta ya hewa, sukuma mkono wa kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ule unaovutwa na eksileta, na uchungulie: petroli iruke kwa mchirizi. Ikiwa kavu, kagua filta, mipira na pampu. Plagi zikitoka zimelowa, injini imefurika: zikaushe, kanyaga eksileta hadi chini bila kupampu, piga stata kwa sekunde zisizozidi 10.

Hatua ya 4: Mgandamizo. Pima kwa geji kwenye tundu la kila plagi. Silinda moja kuwa dhaifu hakuzuii gari kuwaka. Zote zikiwa chini, ni taimingi au injini imechakaa.

Vyote vitatu vipo na gari linakohoa tu kupitia kabureta? Angalia kama kuna mtu alichomoa nyaya za plagi karibuni. Injini nyingi za silinda 4 huwasha silinda kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na nyaya mbili zikibadilishana hivyo ndivyo inavyolia.