Sony W800 au Canon IXUS 185? Tazama lenzi kwanza

Ukizikuta kamera ndogo za Sony W800 na Canon IXUS 185 za mtumba zimepangwa pamoja dukani, usibabaishwe na megapikseli. Zote zina 20, na kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kwa kiasi kilekile, kwa hivyo usiku kwenye harusi zote zitakutolea picha za chengachenga. Tofauti iko kwenye lenzi. Kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, Sony huanzia milimita 26, Canon 28; namba ikiwa ndogo, lenzi huona kwa upana zaidi. Yaonekana kitu kidogo, lakini kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambako huna pa kurudi nyuma, hizo milimita mbili ndizo zinazokuingizia mlango wa nakshi mzima pamoja na kizingiti chake. Canon nayo hukuza mara 8, Sony mara 5 tu. Ukiwa ufukweni Mama Ngina wataka meli inayoingia bandari ya Kilindini, Canon ndiyo. Ila hakuna hata moja inayotuliza mtikisiko kwa lenzi, basi egemea ukuta kabla hujabonyeza.

Mimi ningechukua Sony, maana betri yake huchajiwa ndani ya kamera. Hakikisha tu waya wake umo. Ya Canon yataka chaja yake ya pembeni, na za mtumba mara nyingi huja bila.

Kabla hujatoa pesa, iwashe uizime mara kadhaa ukisikiliza lenzi: mchanga ukishaingia, hukwaruza. Kisha piga picha mbili za ukuta mweupe, uzikuze kwenye kioo. Ukiona doa limekaa palepale kwenye zote mbili, irudishe kabatini.