Wapenda kompyuta wa Tanga, andikeni kila mashine mnayofungua

Wadau mnaokesha na kompyuta hapa Tanga, kuna kitu nataka niwaambie maana naona vijana wengi wana mikono mizuri ila kazi hawapati. Nunua daftari, kila mashine unayoifungua andika ilikuja na shida gani, ukapima nini, ukabadilisha nini na ilichukua mda gani, piga na picha kabla na baada. Mimi yangu nilianza na laptop ya shangazi huko Ngamiani, ilikuwa haiwaki, kufungua nakuta miguu ya soketi ya chaji imeota kutu ya kijani, hewa ya bahari hii haina huruma na vyuma, nikasafisha kwa spiriti na mswaki mlaini ikawaka. Nikaandika hata hiyo. Siku ya intavyuu ya ufundi nikaulizwa uzoefu, cheti sina, nikatoa daftari wakalifungua ukurasa kwa ukurasa na kazi nikapata.

Na saivi kazi ipo jamani, Windows 10 iliacha kupewa sapoti ya bure kwa watu wengi tangu Oktoba 14, 2025 na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11 kwa sababu hazina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka. Pita kwenye stesheneri na shule, waambie unaweza kuwawekea SSD (diski ya kasi) na Linux Mint (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), ila kopi mafaili yao kwanza kabla hujagusa kitu, hapo usifanye haraka kabisa.