Kwa Nini Kodi Marekani Hubadilika Ukivuka Mtaa

Aliyetoka Nairobi amezoea bei iliyobandikwa ndiyo anayolipa. VAT ya asilimia 16 imo humo, na ni ileile Kisumu au Lamu. Marekani bei ya kwenye rafu haina kodi. Inaongezwa kaunta, na kiwango chake kinategemea duka liko wapi.

Serikali kuu ya Marekani haitozi kodi ya mauzo. Kazi hiyo ni ya majimbo, na mengi yameruhusu kaunti na miji nayo ichomeke chake. Chukua Minneapolis. Jimbo la Minnesota linataka asilimia 6.875. Kaunti ya Hennepin inaongeza 0.15 kwa ajili ya uwanja wa besiboli na 0.5 ya usafiri wa umma. Jiji linaongeza 0.5. Tangu Oktoba 2023 eneo zima la jiji na vitongoji vyake linatozwa 0.75 nyingine ya usafiri na 0.25 ya nyumba. Jumla ni 9.025: maikrowevu ya dola 200 unailipia 218.05. Besiboli huijui kanuni hata moja, lakini kila ukinunua sufuria unauchangia ule uwanja. Afadhali nguo na vyakula vingi vya kupika nyumbani havitozwi Minnesota, kwa hiyo koti la baridi utalipata kwa bei yake.

Usidanganyike na jimbo lisilo na kodi ya mauzo, kwani serikali lazima ipate pesa mahali fulani. Oregon haitozi kodi hiyo, ila kodi yake ya mapato hupanda hadi asilimia 9.9. Ng'ambo ya mto, jimbo la Washington halitozi mshahara kodi ya mapato lakini linakubana dukani. Ndiyo maana kuna watu wanaoishi Vancouver, upande wa Washington, na kufanya manunuzi Portland, upande wa Oregon. Ujanja huo una mipaka: ukifanya kazi Portland, Oregon inakata mshahara wako hata kama unalala Vancouver, na kisheria bidhaa unazorudi nazo unapaswa kuzilipia kodi Washington. Texas nayo haina kodi ya mshahara, lakini kodi anayotozwa mwenye nyumba kwa kumiliki nyumba yake ni nzito, naye haitoi mfukoni mwake. Imo ndani ya pango lako.

Linalowashtua wengi zaidi ni kodi ya mapato ya mji. Columbus, Ohio, inakata asilimia 2.5 ya mshahara wa anayefanya kazi humo, hata akiwa anaishi mji wa jirani. Huo mji wake nao unaweza kudai, na si kila mji unakupunguzia kwa kile ulichokwisha kulipa Columbus. Uliza kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Unapotafuta kiwango chako, ingia tovuti ya idara ya mapato ya jimbo uandike anwani kamili. Msimbo wa posta hautoshi, maana mmoja unaweza kuangukia miji miwili. Ukiagiza mtandaoni, kwa kawaida kinachohesabiwa ni mzigo unakofikishwa. Gari vilevile: hata ukilinunua jimbo la mbali, kwa kawaida kodi utaikuta pale unapolisajili, na kama ulishalipa kule, weka risiti uombe ipunguzwe.