Agahnim hapigwi kwa upanga, anapigwa kwa uchawi wake

Kwa mnaolipia kibanda cha gemu kwa saa hapa Moshi, msimalizie hela kwa Agahnim, yule mchawi wa juu ya mnara wa kasri kwenye The Legend of Zelda: A Link to the Past. Ukimkata kwa upanga unapigwa shoti wewe, yeye hata hatikisiki.

Kinachomuumiza ni mpira wa uchawi anaokutupia yeye mwenyewe. Akitupa ule mkubwa mmoja, mwelekee na upige upanga ukikukaribia, unamrudia. Simama katikati ya chumba. Ukimganda unakosa muda wa kuurudisha. Wavu wa kunasia wadudu wa yule mtoto mgonjwa wa kijiji cha Kakariko nao unaurudisha vilevile (wengi wanaudharau, wanauona wa kukamatia nyuki tu).

Vimipira vidogo vilivyojipanga duara usiviguse. Ukivipiga vinatawanyika kila upande na kimoja lazima kikupate. Vikwepe tu.

Akitokea juu katikati na kutazama chini, acha kila kitu ukimbilie pembeni kabisa: radi inashuka mbele yake. Watu hufia hapa kwa kungoja mpira ambao hauji.

Kabla ya kupanda, weka kichimbakazi kwenye chupa. Maisha yakiisha kinakuinua chenyewe, hapohapo, pambano linaendelea.

Kwenye mnara wa Ganon, adui mkuu wa gemu, Agahnim anarudi wakiwa watatu. Wawili ni vivuli, lenga yule halisi tu.