Habari za Washington na bahasha yako ya karatasi: mwongozo kwa sisi tunaoishi Marekani

Mwezi wa tano mwaka 2025 sauti ya dakika tatu ilizunguka kwenye magurupu yetu ya WhatsApp hapa Columbus, Ohio. Msemaji alidai Marekani imeshaanza kukata asilimia 5 ya kila dola tunayotuma nyumbani. Jioni ile ile jirani yangu, mama wa watu kutoka Kigoma, alikwenda dukani na dola mia tisa alizokuwa akizidunduliza kwa ajili ya ada ya watoto wa marehemu dada yake, akazituma zote kwa mkupuo, "kabla hawajaanza kukata." Tarehe moja ikafika, kodi ya nyumba ikamkuta hana kitu. Tulimchangia.

Kumbe kilichokuwepo siku ile ni muswada tu, ukijadiliwa katika Baraza la Wawakilishi. Asilimia 5 ikashuka hadi 3.5, Seneti ikaishusha tena, na Rais Trump alipoutia saini tarehe 4 Julai 2025 ilikuwa imebaki asilimia 1, ianze kutozwa tarehe 1 Januari 2026. Tena inamhusu anayelipa kwa fedha taslimu, kwa hawala ya karatasi au kwa hundi ya benki tu. Ukilipa kwa kadi iliyotolewa na benki ya hapa Marekani, au pesa ikitoka moja kwa moja kwenye akaunti yako, hukatwi. Kwa hiyo kama bado unapeleka noti kaunta, fungua akaunti wiki hii. Katika dola 300 utaokoa dola 3 kila mara, na kwa mtu anayetuma kila mwezi hiyo ni hela ya madaftari.

Habari za siasa za Marekani zinatufikia kama kelele, nasi tunazipokea kwa hofu au kwa ushabiki, kama mechi ya Simba na Yanga. Mimi nimejifunza kuuliza maswali mawili kabla sijasambaza chochote. Jambo hili limefika hatua gani? Na linagusa karatasi ipi katika bahasha yangu, ile ninamotunza nyaraka zangu zote?

Hatua ni hizi. Kuna maneno ya mwanasiasa jukwaani, ambayo hayabadilishi kitu. Kuna muswada, ambao lazima upite Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435 na Seneti yenye 100. Kuna amri ya rais, ambayo inaweza kuanza kazi siku hiyo hiyo. Halafu kuna mahakama, ambayo inaweza kuisimamisha amri hiyo kesho yake. Amri ya tarehe 20 Januari 2025 ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa hapa ni mfano mzuri: majaji waliizuia kabla haijaanza kutumika, kwa msingi wa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868. Akina mama wajawazito niliowajua mimi walikosa usingizi wiki nzima kwa sababu hakuna aliyewaeleza hatua hizo. Amri na matangazo ya rais huchapishwa katika Federal Register, ambayo ni sawa na Gazeti la Serikali kwetu. Iko kwenye intaneti, bure. Mwombe kijana wako anayesoma sekondari akufungulie na kukusomea.

Nasisitiza hili kwa sababu chanzo kimoja tulichokizoea kilipata pigo. Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo ya lazima na matangazo yakanyamaza. Wazee wetu, hasa ndugu kutoka Kongo na Burundi, walikuwa wakielewa Washington kwa Kiswahili kupitia idhaa ile. Pengo lake limejazwa na sauti za WhatsApp zisizo na jina.

Safari

Hapa ndipo sera ya nje ya Marekani inapokupiga usoni. Tangazo la rais la Juni 2025 lilifunga mlango kwa raia wa nchi 12, Somalia ikiwemo, na kuweka vizuizi vya sehemu kwa nyingine 7, Burundi ikiwemo. Tangazo la Desemba 2025 likaongeza nchi, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Tanzania imo katika kundi la vizuizi vya sehemu: viza mpya za matembezi, za masomo na za kuhamia zimesimamishwa. Kenya, Uganda na Rwanda hazikutajwa humo. Wenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, hawahusiki na katazo hilo, wala mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyotajwa. Viza iliyotolewa kabla ya tarehe hizo haikufutwa na tangazo.

Sasa tofautisha karatasi mbili ambazo wengi huzichanganya. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. I-94 ndiyo inayosema umeruhusiwa kukaa ndani mpaka lini, na kwa mwanafunzi imeandikwa D/S, yaani kwa muda wote atakaokuwa shuleni kihalali. Unaweza kuwa na viza iliyokwisha na bado ukawa hapa kihalali kabisa. Lakini ukitoka, utahitaji viza mpya ili urudi, na kwa Mrundi au Mtanzania viza hiyo mpya ndiyo iliyofungwa. Mwanafunzi mwenye hali hiyo asipande ndege kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake na wakili wa uhamiaji, hata kama ni msiba.

Najua uzito wa neno hilo. Mwaka huu tulikaa na kijana mmoja sebuleni kwangu, saa tisa usiku, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, akimzika baba yake kwa video. Mtandao ulikatika wakati udongo unaanza kutupwa. Alishika ile simu kwa mikono miwili mpaka picha iliporudi, na kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Alichagua kubaki ili amalize shahada yake. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo mjini kwako, nenda ukakae naye.

Ukiwa na maombi yoyote yanayosubiri uhamiaji, jua pia kwamba Desemba 2025 idara hiyo ilisimamisha uamuzi wa maombi ya watu wa nchi 19 za orodha ya Juni, Warundi wakiwemo. Ukimya si lazima uwe dalili ya kosa lako. Wewe endelea kupokea barua zako: ukihama nyumba, una siku 10 za kuitaarifu idara kwa fomu AR-11, na hufanyika mtandaoni kwa dakika chache. Na ukiwa na miaka 18 au zaidi, grini kadi yako unatakiwa utembee nayo. Kuiacha kabatini ni kosa kisheria.

Kiboksi cha kura

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu linawanasa watu wema. Tangu sheria ya 1993, ofisi za leseni za udereva hukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Karani anauliza harakaharaka, watu kumi wako nyuma yako kwenye foleni, Kiingereza chake kinapita puani, nawe umezoea kuitikia "yes" ili mambo yaende. Au ni kioo cha kugusa: jina, urefu, rangi ya macho, kutoa viungo ukifariki, kisha kiboksi kidogo. Unabonyeza. Mstari wa juu yake unasema mimi ni raia wa Marekani.

Kwa asiye raia, kudai uraia kwa uongo ni kosa linaloweza kukunyima uraia na hata kukurudisha kwenu, na sheria za 1996 zimelikaza sana. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza wazi: umewahi kujiandikisha kupiga kura? Umewahi kudai kuwa raia? Kwa hiyo kwenye ofisi ya leseni sema polepole, kwa sauti: "I am not a citizen." Soma kila mstari kabla ya kusaini. Usione haya kuwachelewesha watu kumi. Na barua ya kadi ya mpiga kura ikija nyumbani ilhali wewe si raia, usiichane wala usiende kupiga kura. Iweke kwenye bahasha, umpelekee wakili kabla hujajaza fomu yoyote ya uraia. Nasema wakili mwenye leseni ya jimbo, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, siyo "mtaalamu wa makaratasi" wa nyuma ya duka la nywele.

Bangi ni mtego wa aina ile ile. Wapiga kura wa Ohio waliihalalisha kwa watu wazima Novemba 2023, na majimbo mengi yamefanya hivyo, ila kwa sheria ya taifa bado ni haramu, na uhamiaji hufuata sheria ya taifa. Asiye raia anayekiri kuitumia, au hata kuajiriwa kihalali kwenye duka linaloiuza, anaweza kukataliwa uraia. Waambie vijana wenu waziwazi, kwa sababu shuleni wanasikia tu kwamba "ni halali." Na wa kiume wakitimiza miaka 18 hakikisheni wamo kwenye daftari la Selective Service, yaani orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Linawahusu wenye grini kadi na wakimbizi pia, mpaka umri wa miaka 25.

Mlango ukigongwa

Usifungue kwa sababu tu umesikia neno polisi. Waombe waonyeshe hati dirishani au waipitishe chini ya mlango, kisha tazama mambo mawili: jina la mahakama juu, na saini ya jaji chini. Fomu I-200 na I-205, hati za uhamiaji za kumkamata mtu na za kumwondosha nchini, husainiwa na maafisa wa uhamiaji wenyewe, hazitoki kwa jaji. Wakiingia kwa nguvu usishindane nao. Sema huridhii, kisha nyamaza mpaka umwone wakili. Usikimbie, usidanganye, usitoe karatasi isiyo yako.

Hospitalini, omba mkalimani wa Kiswahili. Amri ya Machi 2025 iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na wengine wakadhani haki hiyo imekufa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado ipo, na hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupatia mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto wako wa miaka tisa kutafsiri habari za uvimbe wa mama yake.

Hapa niongeze jambo linalonichoma. Nasikia baadhi yetu wakiwasema vibaya Wamarekani weusi, kana kwamba sisi tumekuja kwa miguu yetu wenyewe. Sheria iliyoondoa mgawo uliopendelea watu wa Ulaya ilisainiwa na Rais Johnson Oktoba 1965, miezi saba baada ya waandamanaji weusi waliodai haki ya kupiga kura kupigwa marungu kwenye daraja la Selma, Alabama. Mlango tuliopitia ulisukumwa na watu wale. Mfundishe mwanao hivyo kabla hajafundishwa dharau na mtu mwingine.

Simu za nyumbani

Januari 2025 misaada ya nje ilisimamishwa, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, iliyoanzishwa 1961, ikawa imefungwa na kazi zake zilizobaki kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanza 2003 chini ya Rais George W. Bush, ndio uliolipia dawa za kufubaza virusi kwa mamilioni ya watu, kwetu pia. Ukipiga simu nyumbani usiulize "nani anaumwa?" Uliza: "Zahanati bado inatoa dawa za miezi mitatu, au wamepunguza?" Anayehusika atakuelewa, na heshima yake itabaki. Nimeanza kuweka dola 20 kila mwezi pembeni kwa nauli tu, kwa sababu kliniki ya karibu na kwetu ikipunguza siku, mtu analazimika kwenda mpaka mjini.

Ofisi ya mbunge wako

Wengi hawajui kwamba mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anawahudumia wakazi wote wa jimbo lake la uchaguzi, si wapiga kura peke yao. Ana ofisi karibu nawe, na humo kuna mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia faili zilizokwama serikalini. Maombi ya mke wangu yalikaa mwaka na nusu bila jibu. Tulipiga simu, tukaelezwa tujaze fomu moja ya kuruhusu ofisi iulizie habari zetu, tukatuma nakala ya risiti yenye namba ya maombi na barua ya ukurasa mmoja: tarehe, kilichoombwa, na madhara tunayopata kwa kusubiri. Jibu lilikuja ndani ya wiki tano. Hatukulipa hata senti.

Kama hujui mbunge wako ni nani, piga simu ya Bunge, 202-224-3121, utaje anwani na msimbo wa posta wako, uombe kuunganishwa. Ukipata mtu, mwambie unatafuta "caseworker" wa mambo ya uhamiaji. Andika jina lake na tarehe nyuma ya ile bahasha.